Chui wa Kulinda Mbuzi

Mumba aliiba kofia ya bwana wangu siku ya ndoa yetu, palepale mlangoni mwa kanisa, padri akiwa bado na maji yake ya baraka mkononi, na bwana wangu akacheka. Mimi sikucheka. Kofia ile niliichagua mwenyewe kwenye duka la Mgiriki, nyeusi, yenye utepe wa hariri, na haikukaa kichwani mwa mwenyewe hata muda wa kushuka ngazi.

"Germaine, acha kasirani," Alexis akaninong'oneza. "Huyu iko munungwe wangu."

Munungwe! Neno lile nimelisikia mpaka masikio yakaota sugu. Alexis Mwape alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Mumba alikuwa wa ukoo wa Chui. Kwetu upande wa Luapula, Chui na Mbuzi ni banungwe, watani tangu enzi za mababu. Mmoja anaweza kumtukana mwenzake barabarani, kula chakula chake bila kukaribishwa, kubeba kitu chake mbele ya macho yake, na mwenye kitu hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake, na faini juu. Kitu alichobeba munungwe hakidaiwi. Na siku mmoja akifa, munungwe ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Munungwe halii msibani. Akilia, ameharibu kazi.

Mimi ni wa ukoo wa Uyoga. Banungwe wangu ni watu wa Mvua, na wote walibaki kwetu Kasenga, asante Mungu.

Lakini Mumba hakubaki Kasenga. Alikuja Élisabethville kama sisi, miaka ile Wabelgiji wakiwa bado juu ya vichwa vyetu, akapata meza ya kuuzia nyama kwenye soko la Cité Albert. Nyama gani? Ya mbuzi, bila shaka! Chui mzima anauza mbuzi, na kila mtu wa ukoo wa Alexis akipita anamwita: "Unakula wajomba zetu!" naye anajibu kwa kunoa kisu. Jumapili alikuja kwetu bila hodi, kofia ya Alexis kichwani, akafunua chungu changu na kuniita: "Bibi yangu, leo tunakula nini?"

"Mi haina bibi yako!"

"Bibi ya mbuzi iko bibi ya chui," anasema, na mkono tayari uko ndani ya chungu. Akiondoka, kuku mmoja hayupo. Alexis anacheka mpaka anakohoa. Mimi natoka mpaka barabarani kumtukana Mumba, na majirani wanatoka kunisikiliza, maana walijua Jumapili hiyo burudani ni bure.

Alexis alikuwa fundi wa kushona kwenye barza ya duka lilelile la Mgiriki. Mashini ilikuwa yake mwenyewe, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Jioni aliirudisha nyumbani kwa kinga, baiskeli yake, akanifundisha kushona. Yeye alikata, mimi nilimalizia, na mtoto wetu Bijou aliokota vipande vya nguo chini ya meza. Mashini ile ndiyo iliyotulipia chumba, ndiyo iliyompeleka Bijou shule ya masista. Tukisema "tumekula", maana yake mashini imekula kwanza.

Sasa sikiliza jambo lililomwondolea Alexis usingizi. Jirani yetu Pierre, fundi wa matofali, alianguka ghafla akafa. Hata kabla ya kuota nyasi kaburini, ndugu zake walifika na kusafisha nyumba. Kitanda, viti, taa, nguo, pazia la mlango. Mkewe, Marie-Thérèse, alikuwa na sombe, majani ya muhogo, motoni kwa ajili ya watoto. Mmoja akaitazama sombe, akaimwaga chini, akabeba chungu kikiwa bado moto, ameshika kwa koti la marehemu! Yezu na Maria! Nilitaka kumfuata kwa mwiko, Alexis akanishika gauni.

Usiku ule hakugusa ugali. "Mama Bijou," akasema, "mi natafuta muntu wa kulinda bintu ya nyumba yangu kama nakufa."

"Nani amesema unakufa?"

"Kifo haipige hodi."

Alikuwa anakohoa tangu msimu wa baridi uliopita, na mimi nilijifanya sisikii. Nikamwambia aende kwa wazuzi, waamuzi wa baraza la Cité. Akasema wale wazee watamuuliza tu desturi ya kwao ni ipi, na desturi ya kwao ni kwamba mali ya mtu inaenda kwa watoto wa dada yake. Mke anarudi kwao na nguo alizovaa. Au anarithiwa pamoja na viti.

"Basi umchague Liévin," nikasema. Liévin alikuwa mtoto wa dada yake, karani, kijana wa viatu vinavyong'aa na moyo mzuri. "Liévin ananiheshimu."

"Liévin iko muzuri. Lakini Liévin iko na mama."

Mama wa Liévin alikuwa Nkandu, dada mkubwa wa Alexis, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kasenga, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Kila akija kutusalimia alipima kabati langu kwa macho. Alexis akikohoa chumbani, Nkandu anauliza: "Ile kabati, mlango yake inafungika vizuri?"

Nikamtaja Anaclet, baba wa ubatizo wa Bijou, mtu wa sala. Alexis akatikisa kichwa. "Anaclet, ukimusukuma, anakuambia merci." Na ni kweli, Anaclet hushukuru kila mtu.

"Sasa nani?"

Akatazama pembeni, kama mtu anayetaka kuomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. "Mumba."

Eh! Sijui nilisema nini chote. Najua nilianza na kofia, nikapita kwa kila kuku kwa jina lake, nikamaliza kwa mababu wa Chui wote. Nikamwambia watu wengine wanampa fisi bucha alinde, lakini yeye anampa chui zizi zima na ufunguo juu! Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?"

"Hapana!"

"Bon. Ile siku, kama Mumba anabeba kintu, usimukataze."

"Nitamukataza! Nitapiga kelele mpaka bantu ya kule Naviundu basikie!"

Akafikiri kidogo, akatabasamu. "Piga basi. Itasaidia."

Sikumwelewa, nikalala nimempa mgongo. Nikadhani neno limeisha.

Muda si mrefu Nkandu akaja na samaki wake. Ilikuwa Jumapili, uwanja umejaa majirani, Liévin amekaa na gazeti, Anaclet na mkewe wanakunywa chai. Mumba akaingia, kama kawaida bila hodi. Safari hii hakwenda kwenye chungu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashini, akaiwekea mkono, akapaza sauti kama anauza maini sokoni:

"Bantu bote musikie! Huyu mbuzi anakohoa, nyama yake inaharibika. Siku anakufa, hii mashini iko yangu! Kinga, yangu! Kabati, yangu!"

Nikashika ufagio. Lakini Nkandu, kwa kuwa naye ni Mbuzi na Mbuzi hakubali kushindwa utani mbele ya watu, alipiga makofi akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Beba hata sasa, weye chui ya bila meno! Beba yote, na huyu bibi wa makelele umubebe!"

"Mama Nkandu ameitika?"

"Nimeitika!"

"Bantu, mumesikia?"

"Tumesikiaaa!" uwanja mzima ukajibu, hata Anaclet. Alexis pale kitini alicheka mpaka machozi. Mimi tu ndiye niliyebaki na ufagio wangu, nikiwaona wote wendawazimu.

Alexis alikufa msimu wa baridi uliofuata, alfajiri, amenishika kidole kimoja. Sitasema mengi hapo. Alikuwa mume mzuri, na kwa muda nilimchukia kwa kufa kwake.

Mumba alikuja na vijana wa Chui kutoka sokoni. Wakachimba kaburi. Alikuwa amevaa kofia ya ndoa yangu, na shingoni ametundika futi ya Alexis ya kupimia. Sanduku lilipoletwa akalipima marefu na mapana, akashika kiuno. "Muntu anashona suti ya muji muzima, leo yeye anavaa mbao. Na angalia, mikono imekuwa fupi!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia zaidi. Hata Liévin alificha uso kwa leso, mabega yanaruka. Nilitaka kumsukuma Mumba ndani ya shimo. Jicho lake lilikuwa kavu kabisa. Nikasema moyoni: huyu hakumpenda hata siku moja.

Tulirudi nyumbani, na Nkandu hakukaa. Alifunga kitambaa kiunoni, akawaita vijana wa kwao, akanyoosha kidole kwenye mashini. "Tuanze na ile."

Hapo nikasikia kelele nje. Mumba alikuwa anasukuma mkokoteni wake wa nyama hadi mlangoni, Chui wengine nyuma yake wanaimba na kunguruma. Wakaingia bila hodi. Mashini juu ya mkokoteni. Kabati juu. Kinga juu. Vyungu vyangu, hata pasi ya makaa. Nilimrukia, nikamng'ata mkono, nikaning'inia pale kama kupe. "Mwizi! Maiti haijapoa! Mwizi!" Majirani walijaa barabara. Bijou alikuwa analia, na mimi nililia kwa hasira, kilio cha kweli, si cha mchezo.

Nkandu naye akafoka. "Weka chini! Hii iko bintu ya familia!"

Mumba akasimama, mimi bado niko mkononi mwake. Akavua kofia kwa heshima. "Mama Nkandu, uliniambia nibebe. Mbele ya bantu. Mi niko na adabu, nikangojea kwanza afe."

"Ulikuwa muchezo!"

"Eeeh!" barabara nzima ikaguna. "Mbuzi amekasirika! Mbuzi amekasirika na chui, siku ya matanga!"

Nilimwona Nkandu anavyobadilika. Kinywa kilifunguka, macho yakazunguka kwa majirani, kwa Anaclet, kwa wazee wa Kasenga waliokuja kuzika. Kukasirika na munungwe mbele ya watu wote hao, ndugu akiwa kaburini siku ileile! Habari ingefika Luapula kabla ya samaki wake. Polepole, kama mtu anayemeza mfupa, akaanza kucheka. "Enda nayo, mwizi," akasema. "Enda nayo, ha, ha." Akabaki na viti na gramofoni.

Mkokoteni ukaondoka. Mimi nikabaki na Bijou, na chumba kinachotoa mwangwi.

Nkandu alilala kwangu juma lote la matanga. Kila asubuhi aliniambia kamyo, lori la kubebea samaki, itarudi Kasenga siku fulani, na mimi na Bijou tuna nafasi juu yake. Huko familia itaona nani ananirithi. "Utabakia hapa na nini?" aliniuliza. "Utashona na vidole?" Bila mashini hakuna chumba, na bila chumba hakuna shule ya masista, na mtoto wangu angekwenda kupanga samaki wa shangazi yake mpaka apate mume. Nilimlaani Mumba nikiamka, nikamlaani nikilala. Alexis nilimlaani kidogo tu, kwa huruma.

Asubuhi ya siku ileile ya kamyo nilikwenda sokoni. Nia yangu ilikuwa kumwaibisha mbele ya wateja. Nkandu akamtuma Liévin anisindikize, eti njia ina matope. Msimu wa baridi, bila tone la mvua, matope gani?

Mumba aliponiona alitandaza mikono, mmoja bado umefungwa kitambaa mahali nilipong'ata. "Bibi yangu anakuya! Musogee, musogee, Uyoga iko na meno!"

"Nirudishie mashini."

Soko zima likageuka. Nilijua nimevunja desturi, kitu cha munungwe hakidaiwi. Liévin akatazama viatu vyake.

"Mashini gani?" Mumba akasema kwa sauti kubwa. "Mi nauza mbuzi." Akakata kipande kizuri cha paja, akakifunga kwa majani, tena akakifunga kwa gazeti, akanibwagia mikononi. "Kula, upate nguvu ya kuning'ata tena. Na pika mwenyewe, usipe muntu kufungua."

Nilitaka kumtupia usoni. Lakini nyama ni nyama, na Bijou hakuwa amekula vizuri. Nikarudi nayo, nikainama jikoni, nikafungua majani. Katikati, ndani ya jani dogo lililofungwa peke yake, kulikuwa na bobini ya mashini yetu, kile kigurudumu cha chuma kinachokaa chini ya sindano. Bado kilikuwa na uzi wa buluu, uzi wa gauni la shule la Bijou, kazi ya mwisho ya mkono wa Alexis.

Nilikaa chini. Nikasikia sauti yake kama yuko nyuma yangu: piga basi, itasaidia. Kumbe! Kama ningenyamaza siku ile, Nkandu angenusa njama. Mayowe yangu ndiyo yaliyofunga mkataba wa Alexis na Mumba, wale mashetani. Nikaanza kucheka peke yangu, nikiwa nimeziba mdomo kwa kitenge. Kisha hofu ikanishika. Bobini si mashini. Mtu anaweza kukupa bobini na kubaki na mashini maisha yake yote, na hakuna mzuzi wala mzee wa kumuuliza. Nikipanda kamyo, nimemaliza habari. Nisipopanda, nimeweka maisha ya mtoto wangu kinywani mwa mtu aliyeniibia kuku miaka yote ya ndoa.

Kamyo ilipiga honi. Nkandu alikuwa juu tayari, kati ya vikapu, gramofoni mapajani.

"Panda!"

"Mi sipande, Mama Nkandu."

"Utakula nini hapa?"

"Kasirani yangu. Iko mingi, itatosha."

Akanitukana mpaka kamyo ikakunja kona. Liévin alibaki mjini kwa ajili ya kazi yake. Alinipa mkono, akanitia moyo, "Courage, mama," akaenda. Nikarudi kukaa mlangoni. Jua likapanda. Sijawahi kuona mchana mrefu hivyo.

Halafu magurudumu. Mkokoteni ulikuja katikati ya barabara, mchana kweupe, umejaa. Mashini ilikuwa imepanguswa, maua yake ya dhahabu yanang'aa. Majirani walitoka kutazama, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu Mumba hakuwa anaimba. Alisimama mbali na mlango wangu. Akavua kofia.

"Hodi, Mama Bijou."

Hodi! Mtu yule! Na hakusema "bibi yangu". Hakusema tena kamwe. Mwanamke mwenye mume unaweza kumtania hivyo, mjane, hapana.

"Karibu," nikasema, nikainuka kumpisha.

Wakaingiza vitu vyote. Mumba mwenyewe akaiweka mashini pale pale ilipokuwa, akaisogeza kidogo kulia, akaisogeza kidogo kushoto. "Alexis alisema, kama unaficha majani, weka kwa kinywa ya chui. Hakuna mbuzi atakwenda kuitafuta kule." Akaninyooshea kofia kwa mikono miwili. "Na hii pia, mama. Muchezo imeisha."

Niliitazama kofia yangu ya Mgiriki. Utepe ulikuwa umechakaa, ukingo umekula jasho lake. Miaka yote nimeidai!

"Vaa," nikamwambia. "Kichwa chako kibaya bila hiyo."

Hapo Mumba alikaa kwenye kizingiti changu, akafunika uso kwa kofia ile, akamlilia Alexis. Alilia kwa sauti, mabega yote, mtu mzima, mbele ya barabara. Matanga yalikuwa yameisha, sasa alikuwa na ruhusa. Mimi nikakaa pembeni yake nikalia naye, na lile paja la mbuzi nililoliweka jikoni likaungua.

Tangu siku ile alikuja kila Jumapili, akapiga hodi, akakaa wima kama katekista, akala kidogo, akashukuru. Nyumba ilikuwa na mashini, kabati, kinga, kila kitu, na ilikuwa kimya hata ikawa vigumu kuivumilia. Nilivumilia mpaka mvua zikaanza. Jumapili moja akiwa anaaga kwa adabu zake, nikapiga meza.

"Chui gani huyu hajue kuiba? Mbuzi amekufa, sasa na weye umekufa?"

Akachukua kofia yake, akaondoka. Nikatoka nyuma kufunga kuku. Yule mwekundu, mnene, hakuwepo.

Nilishika ufagio, nikatoka mpaka katikati ya barabara, nikamtukana yeye na mababu wa Chui wote mpaka nadhani Naviundu walisikia. Majirani walitoka na viti vyao.